Daraja la Ngapi?

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikisogelea Mafia na Kilwa, nililotaka kujua lilikuwa moja tu: ni cha daraja la ngapi? Niliuliza kama mzazi anayefuatilia matokeo ya kidato cha nne. Nipeni namba, nitulie. Tofauti ni kwamba kwenye vimbunga daraja la kwanza ndilo la chini kabisa, na la tano ndilo la kukufanya uhame mji.

Namba hiyo, msikilizaji, ina mwenyewe. Ni Herbert Saffir, mhandisi wa majengo wa Florida, Marekani. Mwaka 1969 Umoja wa Mataifa ulimpa kazi ya kuchunguza nyumba za gharama nafuu katika maeneo yanayopigwa na vimbunga. Akaona matetemeko ya ardhi yana kipimo cha Richter, kila mtu anakielewa, lakini vimbunga havina. Akapanga madaraja matano, na kila daraja akaliandikia kitakachozifika nyumba.

Ukiyasoma unamsikia fundi. Upepo wa kilomita 119 hadi 153 kwa saa ni daraja la kwanza: vigae vinabanduka, miti yenye mizizi ya juujuu inalala. La pili linakwenda hadi 177. La tatu, hadi 208, linang'oa mbao za paa, na umeme na maji vinaweza kukosekana kwa wiki kadhaa. La nne, hadi 251, linaondoka na sehemu kubwa ya paa au baadhi ya kuta. La tano linaanzia 252 na halina kikomo. Kimbunga Patricia, kwenye bahari ya Mexico mwaka 2015, kilifikisha kama 345, na bado kikaitwa daraja la tano. Tena usidhani ngazi hizi zimelingana. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake ukutani unaongezeka mara nne.

Hapo Saffir alikuwa amemaliza habari ya upepo. Robert Simpson, aliyekuwa mkuu wa kituo cha taifa cha vimbunga cha Marekani, ndiye aliyeongeza bahari: kila daraja likapewa makadirio ya kina cha maji yatakayosukumwa nchi kavu. Nia ilikuwa njema. Lakini maji hayafuati kasi ya upepo peke yake.

Twende Pass Christian, mji mdogo wa pwani ya Mississippi. Agosti 1969 ulipigwa na kimbunga Camille, daraja la tano, bahari ikapanda zaidi ya mita saba. Nyumba ambazo maji hayakuzifikia siku ile zikawa kama zimepewa cheti cha usalama. Agosti 2005 ikaja Katrina. Ikiwa baharini ilifika daraja la tano, lakini ilitua pwani ikiwa la tatu. Wapo waliokataa kuhama: kama Camille ya tano haikuwalowesha, hii ya tatu itawafanya nini? Katrina ilikuwa pana kuliko Camille, na kimbunga kipana kinakusanya maji mengi. Bahari ikapanda mita nane na nusu hapo hapo. Watu wa pwani ile husema Camille iliua watu wengi zaidi mwaka 2005 kuliko 1969.

Mwaka 2010 wataalamu wakayatoa maji kwenye madaraja, ukabaki upepo mtupu. Naona walifanya sawa, ila sisi wa redio bado tunaitangaza namba kana kwamba imebeba kila kitu. Kwa miaka hamsini hadi 2012, karibu tisa katika kila watu kumi waliouawa moja kwa moja na vimbunga Marekani waliuawa na maji. Florence ya mwaka 2018 ilitua North Carolina ikiwa daraja la kwanza, ikatambaa kama mtu asiye na safari, na mji wa Elizabethtown ukapata zaidi ya milimita 900 za mvua. Dar es Salaam hupata kama 1,100 kwa mwaka mzima.

Kumbe hata swali langu la Hidaya halikuwa la bahari yetu. Huku, kituo cha vimbunga cha kisiwa cha Réunion ndicho kinachopima, tena kwa wastani wa upepo wa dakika kumi, wakati Wamarekani wanachukua dakika moja. Badala ya namba, kinatumia majina: dhoruba, kimbunga, kimbunga kikali.

Hidaya kilipofika pwani kilikuwa kimeshapungua nguvu, na mimi nikashusha pumzi. Mvua haikushusha. Barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, mabasi yakakwama huku na huku. Nilikuwa nimeuliza daraja. Nikajibiwa na daraja lililosombwa.