Milimita Moja kwa Siku

Wahitimu wa udaktari, uuguzi na fiziotherapia,

Siku si nyingi mtampokea kijana aliyeanguka na bodaboda, mkono umelegea, neva imekatika na kipande chake kimepotea. Kwa kawaida pengo huzibwa kwa neva ya mgonjwa mwenyewe, inayotolewa nyuma ya mguu, naye hubaki na ganzi pembeni mwa wayo. Pengo likiwa refu mno, neva hiyo haitoshi.

Mwaka 1988, mjini Toronto, Kanada, Dkt. Susan Mackinnon alimpandikizia mtoto wa kiume neva ya marehemu katika neva kuu ya mguu, akampa dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae. Neva ya namna hiyo kazi yake ni kutoa njia. Nyuzi za neva za mgonjwa mwenyewe hutambaa ndani yake kama mpesheni kwenye uchanja, na seli zake za Schwann, zinazozifunika nyuzi hizo, huhamia humo. Nyuzi zikishavuka, dawa zile huweza kusimamishwa.

Ila nyuzi hizo hukua kama milimita 1 tu kwa siku. Kutoka kiwiko hadi ncha za vidole ni mwaka na zaidi. Wakati huo misuli hupungua, viungo hukakamaa, na mgonjwa asiyeona mabadiliko huacha kuja kliniki.

Hapo ndipo mnapohitajika. Gonga kwa kidole juu ya njia ya neva. Atakaposhtuka kama aliyepigwa shoti, tia alama ya kalamu. Mwezi ujao gonga tena. Neva ikiwa inakua, alama mpya itakuwa mbele kwa sentimita 3 hivi. Mwonyeshe aione kwa macho yake. Mfiziotherapia avinyooshe vidole. Muuguzi amfundishe kukinga ngozi isiyohisi moto.

Nawaomba jambo moja: msimhesabu mgonjwa amepona siku ya kutoa mishono. Pale neva inapotoka kwa marehemu, kuna familia iliyokubali, katikati ya msiba, kutoa neva ya mpendwa wao. Tukimwacha mgonjwa njiani, tunaipoteza sadaka yao. Mpangieni tarehe ya kurudi, mpigieni simu asipofika, mwe naye mpaka vidole vishike tena.

Mwenyezi Mungu awatangulie.