Haki ya Mnyama Aliyefungwa Zizini

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ammaa baad.

Ndugu Waislamu, yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, hakumpiga wala hakumchinja. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Basi na tuwatazame punda na ng'ombe wanaokamatwa wakizurura na kutiwa katika mazizi ya halmashauri. Hapa Dodoma kiangazi huanza Mei hadi Novemba. Mnyama aliye huru hujihangaikia. Aliyefungwa hana hila.

Kumlisha ni wajibu wa mwenyewe, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamdai hivyo. Lakini asipojitokeza, na fungu la halmashauri likapungua, je, mnyama afe kwa kuwa wanadamu wanategeana?

Wako watakaouliza: tutoe katika zaka? La. Mafungu 8 ya Suratut-Tawba, aya ya 60, ni ya watu. Mlango ulio wazi ni sadaka na wakfu. Damascus walikuwa na malisho ya wakfu kwa wanyama waliozeeka. Na anayesema kwamba watu wenyewe wana njaa, ajue kuwa mabua hayaliwi na mtu.

Mabua hayo ya mtama na uwele, ambayo wengi huyachoma baada ya mavuno, yanatosha kuanzia. Mwenye mkokoteni amwone imamu baada ya swala. Kwanza tutaomba idhini kwa afisa mifugo. Maji ndiyo magumu, nayo yatahitaji fedha taslimu.