JE, IKO DAWA YA KUCHELEWESHA UZEE?

Mazungumzo ya mganga wa zahanati na wanakisomo



Leo tuzungumze juu ya uzee. Mvi si ugonjwa, hilo twajua. Lakini mtu akizidi miaka 60, maradhi huja kwa kundi: sukari, presha, moyo, kusahau. Ukitibu hili, kesho linakuja jingine. Basi wataalamu wengine wanauliza: kwa nini tusiushike uzee wenyewe, ambao ndio mzizi? Nao wanapima dawa ambazo tayari zimo hospitalini. Nitataja mbili.

Ya kwanza ni rapamisini. Mwaka 1964 wataalamu kutoka Kanada walifika kisiwa cha Rapa Nui, mbali sana katika Bahari ya Pasifiki. Walichukua udongo wa huko kwenda kuupima. Ndani yake mlikuwa na vijidudu vinavyotoa kitu cha kuua ukungu. Kitu hicho kikapewa jina la kisiwa. Baadaye ikaonekana kuwa kinapunguza kinga ya mwili. Kwa hiyo mwaka 1999 Marekani iliruhusu dawa hiyo kwa watu waliopandikizwa figo, ili mwili usiikatae figo ya mtu mwingine.

Sasa sikilizeni habari ya panya. Maabara tatu za Marekani zilitaka kuwapa panya dawa hiyo wangali vijana. Lakini ilipochanganywa na chakula, iliharibika. Wataalamu walipokuwa wakitafuta njia ya kuifunika, panya wakazeeka! Wakafikisha siku 600, ambazo kwa binadamu ni kama miaka 60. Wakawapa hivyo hivyo. Matokeo yakatangazwa mwaka 2009. Ukiangalia wale walioishi sana, majike waliokula dawa waliwazidi wenzao kwa sehemu 14 katika kila 100, na madume kwa sehemu 9. Kuchelewa kule kukawa faida. Nani angefikiri kuanza na panya mzee?

Dawa ya pili baadhi yenu mnayo nyumbani. Ni metformini, vidonge vya ugonjwa wa sukari. Daktari Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza habari ya kuwatibu watu kwa dawa hiyo mwaka 1957. Mwaka 2014 Waingereza walipopitia kumbukumbu za wagonjwa wengi, waliona kuwa wenye sukari wanaoimeza waliishi muda mrefu kidogo kuliko watu wasio na sukari. Ajabu, siyo? Lakini uchunguzi wa Denmark wa mwaka 2022 haukuona hivyo. Na panya wa maabara zile tatu, walipopewa metformini peke yake, hawakupata nyongeza ya kuaminika.

Ndiyo maana Daktari Nir Barzilai wa New York na wenzake wametaka kuipima kwa watu 3,000 wenye umri wa miaka 65 hadi 79, wasio na sukari. Wengine wapewe metformini, wengine kidonge kitupu kisicho na dawa, wafuatwe kwa miaka 6. Asiyejua nani amepata nini awe mgonjwa, na daktari vile vile. Maana mtu akijua amemeza dawa, husema amepona hata kidonge hakijayeyuka tumboni! Mpango huo umezungumzwa tangu mwaka 2015, lakini fedha zimekuwa ngumu. Dawa ni ya zamani, kiwanda chochote chaweza kuitengeneza, na bei yake ni ndogo. Ni kampuni gani itatajirika hapo? Jambo hili linanikera.

Kwa hiyo, dawa ya kumrefushia maisha mtu mzima wa afya bado haijathibitishwa. Nayasema haya kwa sababu ya kumegeana vidonge. Mama mwenye sukari anapewa vidonge vya mwezi mzima. Baba naye anachukua viwili kila siku, eti vya nguvu. Kabla mwezi haujaisha kopo ni tupu, na sukari ya mama inapanda. Na kama figo za baba ni mbovu, vidonge hivyo vyaweza kumdhuru. Rapamisini nayo huleta vidonda vya mdomo na kudhoofisha kinga.

Mtu akikuuzia gulioni kidonge cha ujana, mwulize: kimepimwa kwa watu wangapi, na kwa miaka mingapi?

Wenye kadi za sukari, njooni Jumatano na makopo yenu. Tutahesabu vilivyobaki.