Uso Mkavu Si Kipimo cha Maumivu

Leo tunazungumzia maumivu, na mfano wetu unatoka papa hapa Gusii. Zamani mtu aliyejeruhiwa kichwa, kisha kichwa kikamuuma miezi nenda miezi rudi, alipelekwa kwa omobari omotwe. Fundi huyo alipasua ngozi ya kichwa, akaifunua, akaanza kulikwangua fuvu taratibu bila dawa ya usingizi. Mwanasaikolojia Ronald Melzack wa Kanada aliusimulia upasuaji wa aina hii wa Afrika Mashariki: mgonjwa ameketi, ameshika chombo chini ya kidevu kukinga damu, na uso haukunjiki. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba ukubwa wa jeraha peke yake hauamui ukubwa wa maumivu.

Katika hilo alikuwa sahihi. Mwaka 1965, yeye na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za jeraha huweza kupunguzwa au kuongezwa nguvu kwenye uti wa mgongo kabla hazijafika ubongoni, na kwamba ubongo wenyewe unashiriki kuziamulia. Sehemu za nadharia yao zimerekebishwa tangu hapo, ila kiini chake kimesimama. Daktari Henry Beecher naye aliona huko Anzio, Italia, mwaka 1944, wanajeshi wengi wenye majeraha mabaya wasioomba morfini; kwao jeraha lilimaanisha wametoka vitani wakiwa hai. Aliyefika kwa omobari naye alikuwa na tumaini la kupona. Kuna watakaosema hapa hapana ajabu, kwa kuwa ubongo wenyewe hausikii maumivu. Ni kweli, lakini kisu kilianzia kwenye ngozi, na ngozi ya kichwa imejaa neva.

Pingamizi zito ni jingine: nani alithibitisha kwamba mgonjwa yule hakuumia? Kijana wa Kigusii anayepashwa tohara hutarajiwa asitikisike, na aliyelelewa hivyo anaweza kuumia vikali huku uso umetulia. Anayemtazama huona uso tu, haoni anachokisikia mwenzake. Hapo ndipo ninapoona Melzack aliuamini uso kupita kiasi. Jambo hili lina uzito hata leo katika wodi za kujifungulia za Kisii na Nyamira, kwa sababu mama anayejikaza kimya ni rahisi kupitwa, dawa ikaenda kwa anayepiga kelele. Muuguzi amuulize maumivu yake yako kiwango gani kuanzia 0 hadi 10, na akisema 9, aandike 9.