Maneno ya Kiingereza Yaliyomo Nyumbani Mwetu

(Mazungumzo ya mwalimu mstaafu na wananchi waliojiandikisha katika darasa la jioni la Kiingereza, ukumbi wa ofisi ya kata)



Nimeombwa niseme machache kuhusu namna mtu mzima anayeanza Kiingereza anavyoweza kujikusanyia maneno ya matumizi ya kila siku. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, kwa kuwa ilinifundisha kuliko chuo.

Miaka kadhaa iliyopita mjukuu wangu aliwashwa mwili mzima usiku. Kabatini mlikuwa na chupa ya dawa ya maji. Nikavaa miwani, nikasoma: "Shake well before use". Nikaelewa, nikaitikisa chupa sawasawa. Chini yake paliandikwa: "For external use only". "For" nililijua, "use" nililijua, "only" nililijua; "external" sikulijua. Nikasema moyoni kwamba maneno matatu kati ya manne yanatosha, nikamnywesha mtoto kijiko kimoja. Kumbe ilikuwa dawa ya kupaka. Mtoto alitapika hadi alfajiri, tukambeba mgongoni mpaka kwenye matibabu. Mwenyezi Mungu alimnusuru, na leo yuko darasa la sita. Muuguzi hakunigombeza. Alinitazama tu, na mtazamo ule ninao hadi leo.

Lililonisumbua baadaye ni kwamba sikuwa mtu asiye na Kiingereza. Nilipokuwa mwanafunzi tulikariri wanyama wa porini na sehemu za ua. Ningeweza kukutajieni "rhinoceros" na "petal" bila kusita. Lakini kifaru hajawahi kufika uani kwangu, na chupa ile ilikuwa kabatini mwaka mzima. Tangu siku hiyo sijiulizi tena ninajua maneno mangapi. Hujiuliza ni maneno gani yaliyomo nyumbani mwangu nisiyoyajua.

Basi kazi ya kwanza ni kuzunguka nyumba na daftari. Someni vifuko vya dawa, makopo ya rangi, mifuko ya mbegu, maboksi ya sabuni. Mtaona kwamba maneno ni yale yale yakijirudia. "MFG" ni siku bidhaa ilipotengenezwa. "EXP" ni siku ya mwisho ya kuitumia. Wako watu, tena wafanyabiashara, wanaozichanganya mbili hizo. "External" ni ya nje ya mwili. "Poison" ni sumu. "Flammable" ni kitu kinachoshika moto upesi, na ajabu ni kwamba "inflammable" nalo lina maana hiyo hiyo. "Keep out of reach of children" ni kuweka mbali na watoto. Kwa wenzetu wakulima, "gloves" ni glavu na "rinse" ni kusuuza. Maneno thelathini ya aina hii yatamfaa mama wa nyumbani kuliko mia tatu ya kitabuni.

Mkiniuliza mimi, haki ingekuwa lebo zote ziandikwe kwa Kiswahili. Na hata sasa, yeyote anayepewa dawa asione haya kumwambia mhudumu amweleze kwa Kiswahili mpaka aelewe. Lakini chupa iliyokwisha kufika nyumbani haitasubiri haki hiyo.

Jambo la pili: hamuanzi na mikono mitupu. Fundi baiskeli wa hapa mtaani anasema breki, pampu, tairi, spoki na spana tangu asubuhi hadi jioni bila kujua kuwa anazungumza Kiingereza kilichovishwa irabu zetu. Blanketi, shati, tiketi, risiti, benki: vueni irabu ya mwisho, nanyi mmekaribia. Nasema mmekaribia tu, kwa sababu maneno mengine yamehama na kuoa huku. Sisi tunaingia hotelini kunywa chai na chapati tukaenda zetu. Kwa Mwingereza "hotel" ni nyumba ya kulala wageni. Kiplefti nacho ni amri ya "keep left", yaani shika kushoto. Sisi tumekifanya jina la mzunguko wa barabara, tena tukakipa wingi, viplefti! Wala si kila neno la kigeni ni la Kiingereza: meza tuliipata kwa Wareno, na shule kwa Wajerumani.

La tatu ndilo linalowashinda wengi. Neno la Kiingereza lisijifunzwe likiwa peke yake. Tazameni neno letu "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga picha, na hakuna anayeumia. Mgeni aliyekariri kwamba "piga" ni kuchapa atashangaa sana. Kiingereza kina "piga" zake, na mojawapo ni "take". Wao husema "take medicine" kwa kunywa dawa, "take a bus" kwa kupanda basi, "take a photo" kwa kupiga picha. Anayeandika daftarini "take = chukua" akaishia hapo atasoma maelezo ya dawa adhani ameambiwa aichukue aende nayo nyumbani. Andikeni kifungu kizima.

Kuhusu idadi, msitishike. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa orodha ya maneno 850 aliyoona yanatosha kwa mazungumzo ya kawaida. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno 2,000 hivi yenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi. Mwenye kushika vifungu kumi kwa juma atakuwa na 520 kwa mwaka. Shida si kupata, ni kutunza. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tulichokariri hututoka kwa wingi katika siku za mwanzo kabisa. Kwa hiyo rudieni kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma. Mimi hukata vikadi kutoka maboksi ya sabuni, Kiingereza upande huu, Kiswahili upande ule, na huviweka katika makopo mawili: ninavyovijua na vinavyonishinda. Kikadi cha "external" nimekiacha katika kopo la pili makusudi.

Matamshi waulizeni watoto wenu walio sekondari, maana huko masomo ni kwa Kiingereza. Maandishi ya lugha hii hudanganya. "Knife" lina herufi k isiyotamkwa, na hakuna atakayelijua hilo kwa kutazama. Najua mzazi huona vigumu kuketi chini ya mwanawe. Mimi hufundishwa na mjukuu yule yule, naye hucheka.

Jumanne ijayo kila mmoja aje na kifuko au boksi moja la nyumbani kwake, tupu na safi. Makopo ya viuatilifu msiyalete. Nakilini maneno yake daftarini, kisha mnawe mikono. Tutasoma kimoja kimoja, tukianza na vya dawa za watoto.