Sauti Iliyofukuzwa Nyumbani



Tunamkumbuka Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa riwaya na tamthilia, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938 na kufariki Marekani mwaka 2025. Miaka mingi aliandika kwa Kiingereza, wala hakutiwa kizuizini. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kigikuyu aliyoitunga pamoja na Ngũgĩ wa Mirii, katika jukwaa walilojijengea wenyewe. Serikali iliipiga marufuku, ikamfunga Kamiti bila kumfikisha mahakamani hadi mwaka 1978. Mwaka 1982 jukwaa lilibomolewa, naye akabaki ughaibuni, akiendelea kuandika kwa lugha ya mama.

Tujiulize: kosa lilikuwa nini? Ni kwamba maskini walisikia habari za ardhi yao na ujira wao kwa lugha waliyoielewa. Basi sisi tunaohubiri haki tusingoje kumlilia msema kweli akiwa jenezani. Tumtetee angali jirani yetu, kabla hajalazimika kukimbia.

Bwana atujalie ujasiri huo. Amina.