Mfuko wa Mgeni na Ramani Yake

Msikilizaji, ukitoka Tarime mjini ukashika njia ya Nyamwaga na Nyamongo, ukavuka Mto Mara, ukaingia wilaya ya Serengeti hadi Mugumu, barabara yenyewe itakwambia hela ya nani imefika wapi. Huhitaji kibao. Panapopita malori ya mgodi utaona hivi, unapokaribia hifadhi utaona vingine. Ukichepuka sasa uende Ngoreme, kule Kisaka, Busawe, Kenyamonta na Majimoto, utaona kwamba wenye hela wengi wamewahi kupita jirani.

Kila msimu wa bajeti ukifika, neno linalosikika kwenye mabaraza yetu ya madiwani ni lile lile: tutafute wafadhili wa barabara. Sina ugomvi nalo. Wilaya ya Serengeti haiwezi kujenga barabara zake kwa ushuru wa minada ya ng'ombe. Ninachotaka kusema jioni ya leo ni kwamba kila mfadhili anakuja na ramani yake mfukoni, na tukimwendea kabla hatujachora yetu, tutajengewa barabara anayoihitaji yeye.

Tuanzie kwa jirani wa karibu, mgodi wa North Mara pale Nyamongo. Umepita mikono mingi: Placer Dome, kisha Barrick mwaka 2006, ukaitwa African Barrick, ukaitwa Acacia, ukarudi Barrick, na tangu mwaka 2020 uko chini ya kampuni ya Twiga ambamo Serikali yetu ina asilimia 16. Majina yamebadilika, dhahabu ni ile ile. Kilichobadilika kwa faida yetu ni sheria. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye mgodi aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii, na mpango huo ukubaliwe na halmashauri husika. Yaani diwani amepewa kalamu. Tena uko ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo, ambao halmashauri haiuombi kwa mtu, ni haki yake.

Basi tazama mpaka. Halmashauri husika ni ile ambayo shimo limo ndani yake, nayo ni ya Wilaya ya Tarime. Mto Mara ndio unaotenganisha. Mtu wa ng'ambo ya Serengeti anasikia habari za mgodi kila siku, ana ndugu wanaofanya kazi huko, lakini kwenye kikao kinachopanga matumizi ya hela hiyo hana kiti. Na hata ndani ya Tarime yenyewe, barabara inayowahi kupata kifusi ni ile inayoelekea kwenye mgodi na vijiji vinavyouzunguka. Simlaumu mwenye mgodi kwa hilo. Mwenye malori anataka malori yake yapite, na wanavijiji waliopoteza mashamba yao wana haki ya kuwa wa kwanza. Ila mtu wa mbali na shimo asikae akingoja kifusi hicho kimfikie chenyewe.

Sasa tugeukie upande wa hifadhi, ambako kisa ni kirefu zaidi, na vijana wengi wa leo hawakijui.

Mwaka 2010 Serikali ilitangaza nia ya kujenga barabara kuu kutoka upande wetu wa Mara, ipite Mugumu, ikate kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti kwa kilomita zipatazo 53, itokee Loliondo na kuendelea hadi Mto wa Mbu. Huku kwetu watu walifurahi. Mfanyabiashara wa Mugumu aliona Arusha inasogea. Dunia ya wahifadhi ikalia. Njia hiyo ingekata pale wanapopita nyumbu zaidi ya milioni moja wanaokwenda Masai Mara na kurudi, na barabara ya lami yenye malori usiku na mchana ingewavuruga. Shirika moja la Kenya la kutetea wanyama, Africa Network for Animal Welfare, likafungua kesi Desemba 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Juni 2014 mahakama ikatoa hukumu ya kuizuia Serikali isijenge barabara ya lami kukatiza hifadhi.

Katikati ya mvutano huo Ujerumani ikajitokeza. Ikasema, kwa lugha nyepesi: acheni hiyo njia ya hifadhini, nasi tutagharimia utafiti wa njia nyingine ya kusini, na tutatoa hela za kujenga barabara za vijijini pembeni ya hifadhi, upande wa Serengeti na upande wa Ngorongoro. Hela hizo zikaja kupitia benki yao ya maendeleo, KfW, na kazi ikashirikisha Frankfurt Zoological Society, shirika ambalo limekuwa Serengeti tangu enzi za Profesa Bernhard Grzimek, miaka ya 1950. Mjerumani, tukumbuke, si mgeni huku. Boma lake la Ikoma alilijenga mwanzoni mwa karne iliyopita, na barabara wakati huo watu walilimishwa kwa kiboko. Safari hii alikuja na mkataba.

Pima mwenyewe maana ya kisa hicho. Baadhi ya vijiji vya Serengeti na Loliondo vilipata barabara na huduma kwa sababu kulikuwa na nyumbu wa kuokolewa. Mama wa Ngoreme anayebebwa kwa pikipiki usiku akiwa na uchungu hakuwa sababu. Uchungu wake ulikuwepo tangu zamani, hakuna mahakama iliyokaa kwa ajili yake. Na wala sisemi wahifadhi walikosea. Kama nyumbu wakitoweka, Mugumu itabaki na nini? Nasema tu kwamba vijiji vilivyo kando ya njia ya nyumbu viliingia kwenye ramani, na vijiji vilivyo mbali kidogo, vinavyolima pamba, mtama na mihogo, vikabaki nje ya mstari. Mstari huo haukuchorwa na halmashauri.

Benki ya Dunia nayo ina ramani yake, na hiyo ni ya miji. Mradi wa miji 18 uliokuwepo kabla ulikuwa na Musoma ndani. Uliofuata, unaoitwa TACTIC, ni mkopo wa dola milioni 410 kwa miji 45. Lami za mjini, taa, mitaro, masoko, stendi. Ni mambo mazuri, na atakayelipa deni ni Mtanzania yeyote, awe wa Musoma au wa Kisaka. Lakini Mugumu, pamoja na pilikapilika zake zote, ni mji mdogo ndani ya halmashauri ya wilaya. Na ukisogea kutoka Mugumu kuelekea Ngoreme hata neno mji linaisha. Hela ya mtu ni kama ng'ombe wa kuwekeshwa, msikilizaji: maziwa utakunywa, lakini mwenyewe ndiye anayeamua nani awekeshwe.

Sasa nije kwenye hela ambayo hatuiiti ya wafadhili kwa sababu inatoka mifukoni mwetu. Tangu mwaka wa fedha 2021/22, kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa tozo ya shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na wakala wa Serikali, TARURA. Kijana wa bodaboda anayejaza tangi kwa petroli ya chupa pembeni ya barabara kule Kisaka anailipa tozo hiyo, na huenda mafuta yenyewe anayanunua kwa bei ya juu kuliko mtu wa Mwanza, maana chupa ina faida ya mwuzaji juu yake. Kila safari anayomrusha abiria juu ya mashimo, ameshailipia. Huyu haombi msaada. Anadai.

Najua jibu la wahandisi. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, ina mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima, na sehemu kubwa ni udongo mtupu. Ukigawa hela hiyo kila mahali, kila mahali patapata kidogo. Jibu hilo ni la kweli. Lakini lina jambo moja ambalo halisemwi sana: kabla ya TARURA, mhandisi wa barabara alikuwa mtu wa halmashauri, na diwani aliweza kumbana kwenye kikao. Siku hizi diwani analaumiwa na wananchi kwa barabara ambayo hela yake haipiti mezani kwake. Ndiyo maana anakimbilia wafadhili. Angalau mfadhili akija, diwani anaonekana amefanya kitu.

Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Barabara zetu za bondeni haziharibiki kwa urefu wake wote. Nenda mwezi wa nne uone. Kilomita kadhaa zinapitika, kisha unakuta korongo moja limejaa, au sehemu ya udongo mweusi wa mbuga iliyogeuka ugali, na safari inaishia hapo. Lori la pamba linalala, mwalimu hafiki, dawa za zahanati zinarudi. Tatizo ni mita hamsini. Kumbe tunaandika maombi ya mamilioni ya dola kwa ajili ya lami ya kilomita mia, na lami hiyo isipokuja, mita hamsini zinabaki vile vile mwaka wa kumi.

Kigoma walifanya jambo ambalo Mara tungeliiga jana. Kwa ushirikiano na Wabelgiji, TARURA ilianza kujenga madaraja ya mawe, ya upinde, yasiyo na nondo. Fundi ni mwashi wa kawaida aliyefundishwa, mawe ni ya pale pale, na gharama ni ndogo sana ukilinganisha na daraja la zege na chuma. Sasa niambie, kama kuna mkoa wenye mawe Tanzania hii, si huu wetu? Milima yote ya Tarime ni mawe. Hivyo tukimwendea mfadhili, tumwombe atugharamie mafundi wa kufundisha vijana wetu uashi wa madaraja, na saruji. Ombi dogo kama hilo halivutii picha za magazetini, na halina sherehe kubwa ya kukata utepe. Linapitisha watu.

Jambo lingine ni matengenezo. Mfadhili hujenga, hukabidhi, huondoka. Hakuna mkataba niliousikia unaomwajiri mtu wa kuzibua mitaro baada ya mvua. Barabara ya changarawe isiyozibuliwa mitaro misimu miwili mitatu inarudi kuwa mto. Kwa hiyo halmashauri za Tarime na Serengeti, kabla ya kupokea barabara mpya kutoka kwa yeyote, zikae pamoja na TARURA, maana mto unaotutenganisha tunauvuka sote, na ziandike nani atazibua, kwa hela ipi.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa Kisaka au Busawe, kamati ya maendeleo ya kata ikikutana, uliza swali moja tu kuhusu ile njia mliyoichonga wenyewe kwa majembe. Je, imeandikishwa kwenye orodha ya barabara za TARURA? Njia isiyokuwa kwenye orodha haipangiwi shilingi, iwe ya tozo ya mafuta au ya mzungu. Kama haimo, mpeni mtendaji na diwani kazi ya kuiingiza kabla bajeti haijafungwa. Ikishaingia, ndipo tuzungumze habari za wafadhili.